Jedwali la marudio likikataa: soma dalili, ujue kosa lilipo

Alama hizi 40 ni za jaribio la Hisabati lililosahihishwa kwa 100. Zimetungwa kwa ajili ya zoezi, na zimepangwa makusudi ili makosa ya kawaida yote yajitokeze ndani yake.

47 62 35 58 71 44 53 60
39 66 50 28 57 83 49 55
61 42 74 36 52 68 45 59
31 54 63 48 77 40 56 51
65 43 70 58 34 46 62 53

Jedwali sahihi, kwa makundi yenye upana wa 10, ni hili. Marudio ni idadi ya alama zilizoangukia kwenye kundi, na marudio limbikizi ni jumla ya marudio hadi kundi hilo:

| Alama | Marudio | Thamani ya kati | Marudio limbikizi |
|---|---|---|---|
| 20–29 | 1 | 24.5 | 1 |
| 30–39 | 5 | 34.5 | 6 |
| 40–49 | 9 | 44.5 | 15 |
| 50–59 | 12 | 54.5 | 27 |
| 60–69 | 8 | 64.5 | 35 |
| 70–79 | 4 | 74.5 | 39 |
| 80–89 | 1 | 84.5 | 40 |

Jibu likitoka tofauti, usikimbilie kufuta kila kitu na kuanza upya, maana utarudia kosa lilelile. Angalia kwanza umekosea kwa kiasi gani. Katika takwimu za shuleni kila kosa huacha alama yake: aliyepata jumla ya marudio 44 hakukosea sawa na aliyepata 37, na ambaye jibu lake limezidi kwa 0.5 hana shida moja na ambaye lake limepungua kwa 5.

Jumla ya marudio imezidi

Umepata 44. Karibu hakika uliandika makundi 20–30, 30–40, 40–50 na kuendelea. Makundi hayo yanagongana kwenye mipaka. Katika data zetu 40, 50, 60 na 70 zipo, kila moja mara moja. Namba hizo nne zimehesabiwa mara mbili mbili, na hapo ndipo zilipotoka nne za ziada.

Tiba ni mojawapo ya hizi mbili. Kama data ni namba kamili, andika 20–29, 30–39, 40–49. Kama unataka makundi yaguse mipaka, sema wazi: kuanzia 20 lakini chini ya 30, kuanzia 30 lakini chini ya 40. Usiamue kimyakimya kila unapofika mpakani. Mwanafunzi anayeiweka 40 kwenye kundi la chini na 50 kwenye kundi la juu atapata jumla ya 40 safi kabisa, na jedwali lake bado ni bovu.

Wapo wanaokwepa mgongano kwa kuandika 0–10, 11–20, 21–30. Hesabu namba zilizomo: kutoka 0 hadi 10 ni namba 11, kutoka 11 hadi 20 ni 10. Kundi la kwanza limepanuka kuliko wenzake, na ukitumia upana wa 10 kwenye fomula hutagundua. Anza na 0–9 au 1–10.

Jumla imepungua

Hapa kiasi kilichopungua kinasema mengi.

Ukipata 37, ulipanga namba kwa mfuatano kutoka ndogo hadi kubwa, kisha ukaandika kila namba mara moja tu. 53, 58 na 62 zimejirudia, wewe ukazitupa nakala zake tatu. Wanafunzi wawili waliopata 58 ni wanafunzi wawili, na jedwali linahesabu wanafunzi.

Ukipata 36, angalia vijiti vyako vya kuhesabia. Fungu la tano ni vijiti vinne vilivyosimama na cha tano kinavikata kwa mshazari. Ukisimamisha vitano ndipo ukate, kila fungu lina sita ila wewe unalisoma kuwa tano. Kundi la 40–49 linasomeka 8 badala ya 9, la 50–59 linasomeka 10 badala ya 12, la 60–69 linasomeka 7 badala ya 8. Zimepotea nne, moja kwa kila fungu.

Ukipata 39 au 41, hilo ni kosa la macho, na chanzo chake kikubwa ni namna ya kupitia orodha. Wengi hutafuta kwanza namba zote za 20–29, wanarudi mwanzo kutafuta za 30–39, wanarudi tena. Kwa makundi saba macho yamepita juu ya namba 280 ili kuhesabu 40. Fanya kinyume chake: soma namba moja, weka kijiti kwenye kundi lake, ikate kwa penseli, nenda inayofuata. Orodha inapitiwa mara moja tu.

Halafu simama kila mwisho wa mstari. Mistari yetu ina namba nane nane, kwa hiyo vijiti vyote kwa pamoja lazima viwe 8, kisha 16, 24, 32, 40. Baada ya mstari wa tatu ukiwa na 23, kosa limo ndani ya namba nane za mwisho na unalirekebisha papo hapo. Anayesubiri hadi mwisho ndipo ajumlishe atalazimika kurudia orodha nzima. Kama data zimeletwa bila mistari, zigawe mwenyewe kwa penseli kumi kumi kabla ya kuanza.

Namba kubwa kuliko zote haina pa kukaa

Umeagizwa utumie makundi matano. Ukachukua 83 − 28 = 55, ukagawa kwa 5, ukapata 11. Makundi yakawa 28–38, 39–49, 50–60, 61–71, 72–82. Iliyobaki nje ni 83.

Hesabu ya kutoa haikukosewa. Tatizo ni kwamba kutoka 28 hadi 83, zote mbili zikiwemo, kuna namba 56, wala si 55. Makundi matano ya namba kumi na moja moja yanabeba 55 tu. Kwa data za namba kamili ongeza 1 kabla ya kugawa: 56 ÷ 5 = 11.2, kisha pandisha iwe 12. Pandisha siku zote, hata desimali ikiwa ndogo. Anayegawa 55 kwa 6 akapata 9.17 na kuishusha kuwa 9 ana nafasi 54 kwa namba 56.

Upana ukipatikana, si lazima kundi la kwanza lianze kwenye namba ndogo kabisa. Kwa upana wa 10, kuanza na 20 kunampa msomaji makundi anayoyasoma bila kufikiri. 28–37, 38–47 yanamlazimisha kusoma mara mbili, na ndiko vijiti vinakokosewa. Maagizo ya mtihani yakitaja kundi la kwanza, hata likiwa la ajabu, fuata hilo na acha ladha yako pembeni.

Jedwali limekamilika lakini halionyeshi kitu

Ukitumia upana wa 30, makundi ni 20–49, 50–79 na 80–109, marudio 15, 24 na 1. Umbo limepotea: huoni tena kwamba alama zinarundikana kwenye hamsini na kupungua taratibu pande zote mbili. Ukitumia upana wa 2 utahitaji makundi 28, mengine yana sifuri, mengi yana moja au mbili tu, na umerudi kwenye orodha uliyokuwa unajaribu kuipanga.

Kuna kipimo cha kuanzia kilichotolewa na Herbert Sturges mwaka 1926: idadi ya makundi ni 1 + 3.322 × logi ya idadi ya data. Kwa data 40, logi ni 1.602, jibu ni 6.3. Makundi sita au saba yanatosha. Ni mwongozo tu. Upana unaohesabika kwa urahisi kama 5, 10 au 20 una faida kubwa kuliko kuitii fomula kwa nukta.

Kundi lenye sifuri usilifute likiwa katikati. Ukilifuta, histogramu itaunganisha makundi ambayo hayakukaribiana.

Kuna namba inayodondoka kati ya makundi mawili

Uzito wa 44.7 kg unaingia wapi, 40–44 au 45–49? Hauingii popote, kwa sababu makundi hayo yalitengenezwa kwa namba kamili. Makundi hufuata usahihi wa kipimo. Kama mizani imesomwa hadi desimali moja, andika 40.0–44.9, 45.0–49.9. Mipaka halisi inakuwa 39.95 na 44.95, si 39.5 na 44.5. Kanuni ni nusu ya kipimo kidogo kabisa kilichosomwa: kwa namba kamili ni 0.5, kwa desimali moja ni 0.05.

Umri una sheria yake, na hapa hata walimu huteleza. Alama au uzito hukaribishwa kwenye namba iliyo karibu, umri haukaribishwi. Mtoto wa miaka 14 na miezi 11 anajibu “kumi na nne”. Kwa hiyo kundi la miaka 10–14 linaanzia 10 kamili na linaishia pale mtu anapotimiza 15. Mipaka halisi ni 10 na 15, thamani ya kati ni 12.5. Ukitumia 9.5 na 14.5, thamani ya kati inakuwa 12, na wastani mzima wa umri unashuka kwa nusu mwaka. Wastani wa umri wa darasa ukikuletea pungufu ya miezi sita hivi ukilinganisha na tarehe za kuzaliwa, usitafute kosa kwenye kujumlisha.

Kwenye umri wa watu wazima kuna jingine: asiyejua mwaka wake hasa hutaja 30, 35, 40. Namba zinazoishia na 0 na 5 zinavimba. Ukiwa na makundi 30–34, 35–39, mvimbo wote unakaa mwanzoni mwa kundi, na thamani ya kati inawaongezea watu umri.

Wastani unashangaza

Njia ndefu, ya kuzidisha kila thamani ya kati na marudio yake kisha kujumlisha, inatoa 2150 ÷ 40 = 53.75. Ukijumlisha alama zenyewe moja moja unapata 2145, wastani 53.625. Tofauti hiyo ndogo si kosa: tulipoziweka alama kwenye makundi tulikubali kuziona zote kana kwamba zimekaa katikati. Tofauti ya namna hii iache.

Zifuatazo usiziache. Ukipata 307.14, umegawa kwa 7, yaani idadi ya makundi. Wastani unaozidi alama ya juu kabisa hauwezekani, ungesimama hapo. Ukipata 54.5, umejumlisha thamani za kati na kugawa kwa 7 bila kuzidisha na marudio. Kosa hili ni baya zaidi kwa sababu jibu linaonekana la kawaida. Ukipata 54.25, thamani zako za kati ni 25, 35, 45: uliona upana ni 10 ukaongeza 5 kwenye kikomo cha chini. Kati ya 50 na 59 ni (50 + 59) ÷ 2, yaani 54.5. Ukipata 58.25 ulizidisha kwa vikomo vya juu, na 49.25 ni vikomo vya chini.

Kwa wastani wa kudhani, tumia 54.5. Tofauti zake ni −30, −20, −10, 0, 10, 20, 30. Ukizizidisha na marudio na kujumlisha unapata −30, ambayo ukigawa kwa 40 ni −0.75, na 54.5 − 0.75 = 53.75. Aliyepata 55.25 amepoteza alama ya kutoa. Aliyepata 54.425 alipunguza tofauti zake kwa kuzigawa kwa 10 ili hesabu iwe rahisi, kisha akasahau kuzidisha kwa 10 mwishoni.

Mediani imekosewa

Mediani ni alama ya katikati. Nusu ya 40 ni 20, na marudio limbikizi yanafika 20 ndani ya kundi la 50–59. Mpaka wa chini ni 49.5, limbikizi kabla ya kundi ni 15, marudio ya kundi ni 12:

49.5 + (20 − 15) ÷ 12 × 10 = 53.67

Kupata 54.17 ni kutumia 50 badala ya 49.5. Kupata 53.25 ni kutumia upana wa 9, kwa kutoa 59 − 50. Kupata 43.67 ni kutumia limbikizi la kundi lenyewe, 27, badala ya la kundi lililotangulia, na hapa kuna kinga ya bure: mediani lazima iangukie ndani ya kundi ulilolichagua. 43.67 haiko kati ya 49.5 na 59.5, kwa hiyo huna haja ya mwalimu akuambie.

Ukiisoma mediani kwenye grafu ya marudio limbikizi ukapata karibu 48.7, yaani pungufu ya 5, nukta zako ziliwekwa juu ya thamani za kati. Limbikizi la 15 maana yake ni wanafunzi 15 walio chini ya 49.5, hatuwezi kusema hivyo kwa 44.5, kundi likiwa halijaisha. Nukta zinakaa kwenye mpaka wa juu, na mstari unaanzia 19.5 ukiwa na sifuri.

Modi, yaani alama inayojirudia zaidi, inakaguliwa kwa jicho. Kundi lenye marudio mengi kuliko yote ni 50–59, lina 12. Jirani wa kushoto ana 9, wa kulia ana 8, kwa hiyo modi inavutwa kidogo kushoto ya 54.5. Fomula inatoa 49.5 + 3 ÷ 7 × 10 = 53.79. 3 hiyo ni 12 − 9, na 7 ni 3 ukijumlisha na 4 ya 12 − 8. Aliyepata 55.21 amebadilisha nafasi ya tofauti hizo mbili, 3 na 4.

Asilimia zinajumlika kuwa 102

Marudio yetu kwa asilimia ni 2.5, 12.5, 22.5, 30, 20, 10, 2.5. Ukizikaribisha kuwa namba kamili unapata 3, 13, 23, 30, 20, 10, 3, jumla 102. Nne zimepandishwa kwa nusu nusu. Baki na desimali moja. Kama ni chati duara, usipitie asilimia kabisa: 360 ÷ 40 ni nyuzi 9 kwa kila mwanafunzi, na nyuzi zote zinatoka kamili.

Kompyuta imetoa jumla ya 40, marudio si yenyewe

Umetumia FREQUENCY kwenye Excel na ukapata 0, 1, 6, 9, 12, 8, 3, 1. Jumla ni 40, ndiyo maana hukushtuka. Ulichoipa fomula ni vikomo vya chini: 20, 30, 40, 50, 60, 70, 80. Fomula hii inasoma kila namba kama kikomo cha juu, pamoja na namba yenyewe. Kwa hiyo 40 imeingia kwenye kundi la thelathini, 50 kwenye la arobaini, na kadhalika. Ipe 29, 39, 49, 59, 69, 79, 89. Seli moja ya ziada inayotokea chini ni ya namba zinazozidi kikomo cha mwisho. Hapa lazima iwe 0.

Wengi watapata urahisi kwa COUNTIFS, kwa sababu inaonyesha vikomo vyote viwili. Data zikiwa A2 hadi A41, kikomo cha chini C2 na cha juu D2:

=COUNTIFS(A$2:A$41,">="&C2,A$2:A$41,"<="&D2)

Kama kompyuta yako imewekwa mfumo unaotumia nukta-mkato kutenganisha sehemu za fomula, badilisha mikato ya katikati.

FREQUENCY ikipunguza namba bila sababu inayoonekana, tafuta seli ambazo tarakimu zimeegemea kushoto. Hizo zimehifadhiwa kama maandishi, mara nyingi baada ya kunakiliwa kutoka kwenye WhatsApp au PDF. Na ukiandika 5-9 ikageuka kuwa tarehe, weka alama ya ' mbele yake, au ipe safu nzima muundo wa maandishi kabla ya kuanza kuandika. Kuibadilisha baada ya tarehe kutokea hakusaidii, utapata namba ndefu ya tarakimu tano.

Histogramu inadanganya

Nafasi kati ya mihimili ni kosa dogo: chora kwa mipaka halisi, 19.5, 29.5, 39.5, na mihimili itagusana yenyewe. Kosa kubwa liko kwenye makundi yasiyo na upana sawa, nayo yako mkononi mwa kila mwanafunzi wa Tanzania. Madaraja ya NECTA (Baraza la Mitihani la Tanzania) ya kidato cha nne ni F 0–29, D 30–44, C 45–64, B 65–74 na A 75–100. Upana wake ni 30, 15, 20, 10 na 26. Data zetu zikiwekwa humo zinatoa F 1, D 9, C 22, B 6, A 2.

Ukichora urefu wa muhimili kwa marudio, D inaizidi B kwa nusu yake. Lakini D ina nafasi 15 na B ina 10. Gawa marudio kwa upana: D ni 9 ÷ 15 = 0.6, B ni 6 ÷ 10 = 0.6. Msongamano ni uleule. C ni 1.1, A ni 0.08, F ni 0.03. Urefu wa muhimili ni namba hizi, na eneo la muhimili ndilo linalobeba idadi ya wanafunzi. Kama huna sababu ya kuonyesha msongamano, usichore histogramu ya madaraja. Chora grafu ya mihimili iliyoachana, ambayo A, B, C ni majina tu.

Kundi lisilo na mwisho, kama “miaka 80 na kuendelea” kwenye majedwali ya umri, halina upana wala thamani ya kati. Usilibunie kikomo bila kukiandika chini ya jedwali. Mediani bado inapatikana kama haiangukii humo. Kwa wastani utalazimika kudhani, na dhana hiyo isomeke wazi pembeni ya jibu.